Geti kwanza au Arduino kwanza? Somo la pampu ya kisima

Mpwa wangu anasomea uhandisi hapa Dar es Salaam, mwaka wa kwanza. Juzi alikuja nyumbani Tabata na bodi ya Arduino, yaani kompyuta ndogo unayoiandikia programu, relei moja (swichi inayoendeshwa kwa umeme) na wazo: "Mjomba, nataka pampu ya kisima ijiwashe na kujizima yenyewe." Nikamuuliza kama geti za mantiki, zile saketi ndogo zinazopokea ishara za 0 na 1 na kutoa jibu moja, wameshazisoma. Akasema wamezisoma, wakazifanyia mtihani, zikaisha. Na wenzake wanaona ule muda ulipotea bure, maana siku hizi kila kitu ni programu.

Hoja hiyo ina uzito, na walimu wanaoipuuza wanakosea. Chipu ya Arduino Uno, ATmega328P, inakwenda kwa mapigo milioni 16 kwa sekunde, na ukitaka kifaa kibadili tabia unabadili mstari mmoja wa programu. Kwenye geti unang'oa waya. Kihesabio cha 0 hadi 9 chenye namba ya kuwaka kinataka chipu ya kuhesabu, chipu ya kutafsiri, resista 7 na msitu wa waya. Mmoja ukilegea, mchana mzima umekwisha. Kijana aliyekusanya nauli na hela ya vipuri akaenda Kariakoo anataka kuona kitu kikifanya kazi wiki hiyohiyo. Tena wengi wanafundishwa geti ubaoni tu: majedwali ya ukweli, kanuni za De Morgan, kurahisisha milinganyo, bila kushika chipu hata moja. Wakichoka siwalaumu.

Lakini hebu tuitazame hiyo pampu. Tangi lina swichi mbili za boya, moja chini na moja juu. Maji yakishuka chini ya alama ya chini pampu iwake, yakifika juu izime. Yakiwa katikati je? Hapo swichi zote mbili zinasema kitu kilekile, iwe tangi linajaa au linatumika. Saketi haiwezi kuamua kwa kuangalia hali ya sasa peke yake. Lazima ikumbuke kilichotangulia. Geti mbili za NAND (geti inayotoa 0 pale tu ishara zote zinazoingia ni 1), kila moja ikirudisha jibu lake kwenye mlango wa kuingizia ishara wa mwenzake, zinakumbuka. Mwaka 1937, Claude Shannon alionyesha katika tasnifu yake ya uzamili pale MIT, chuo cha Marekani, kwamba saketi za swichi na relei zinaweza kukokotolewa kwa aljebra ya George Boole, hesabu za kweli na si kweli ambazo geti hizi zinazifuata. Mwanafunzi anayefunga geti hizo mbili kwa mkono wake anaona kumbukumbu ikizaliwa mbele yake. Anayeandika programu anaipata kumbukumbu ikiwa tayari imeshatengenezwa.

Tulichukua 74HC00, chipu ya miguu 14 yenye NAND nne ndani, tukaipachika kwenye bredibodi, ubao wa matundu wa kuunganishia saketi bila kulehemu. Mlango mmoja tuliuacha bila kuunganishwa popote. Kila alipousogezea kidole, taa ya LED ilicheza, ikawaka, ikazima, na wala hajagusa kitu. Alidhani chipu ni mbovu. Tulipoweka resista ya omu 10,000 kutoka mlango ule hadi volti 5, taa ikatulia. Kwenye Arduino kuna neno moja la programu linalowasha resista ya namna hiyo ndani ya chipu, na wengi hulinakili bila kujua linazuia nini.

Swichi ya juu ilikuwa ya kuushusha mlango huo hadi 0 tangi likijaa. Kisha nikachomoa waya wake, kama panya angeukata. Ile resista ikaendelea kuuvuta mlango kwenye 1, saketi ikaamini tangi halijajaa, pampu isingezima kamwe. Programu yenye swichi iliyofungwa vilevile ingemwaga maji vilevile. Dawa ni kutumia swichi inayopitisha umeme muda wote na kuukata tangi likijaa, ili waya uliokatika usomeke kama tangi lililojaa. Sasa tangi lililojaa linatoa 1 badala ya 0, kwa hiyo geti ya tatu inageuza ishara hiyo, na ya nne inageuza jibu la upande wa pili wa ile jozi ili amri ya kuzima ishinde ya kuwasha zikija pamoja. NAND zote nne zikapata kazi.

Upande wa Arduino nao ulishinda pale nilipotarajia ushinde: umeme. Ukikatika tangi likiwa nusu kisha ukarudi, jozi ya NAND inaweza kuamka upande wowote, mpaka uongeze kapasita na resista za kuilazimisha. Programu inaanza na "pampu izimwe" na suala limekwisha. Kwa mji unaokatikiwa umeme kama wetu, hilo ni jambo kubwa.

Programu za kuigiza saketi kwenye kompyuta nazo ni msaada mzuri kwa asiye na hela ya vipuri, ila ndani yake kidole hakiwashi taa.

Kwa hiyo msimamo wangu: geti zitangulie, lakini kwa wiki chache, kwenye bredibodi, na kwa tatizo moja la kweli kama hili la tangi. Baada ya hapo Arduino ifanye kazi hiyohiyo upya. Kukaa muhula mzima kwenye majedwali ni kuua hamu ya mwanafunzi. Kuziruka geti kabisa ni kumwacha akitafuta kosa ndani ya programu wakati kosa liko kwenye waya.

Pampu sasa inaendeshwa na Arduino ya mpwa wangu. Swichi ya juu ameifunga kwa namna ile ya bredibodi, na kabla ya kuliziba boksi la saketi aliwasha pampu tangi likiwa nusu, akauchomoa waya mwenyewe, akasubiri kusikia relei ikizima.