Baina ya Cheti na Kazi Pana Njia Tusiyoiona

Nilipokuwa nikifanya kazi ya ushauri wa ajira katika chuo kimoja, tulikuwa na hojaji fupi ambayo kila mhitimu alitumiwa miezi sita baada ya kumaliza masomo. Swali lake kuu lilikuwa moja, na majibu yake mawili: umepata kazi, ndiyo au hapana. Kutokana na majibu hayo tuliandika ripoti ya mwaka, asilimia ikapanda au ikashuka, wakubwa wakafurahi au wakanuna. Kisha siku moja akaja binti mmoja kuomba barua ya utambulisho. Nikatazama orodha, nikaona amejibu "ndiyo", nikamuuliza barua ya nini ilhali kazi anayo. Akacheka kidogo, akaniambia, "Mwalimu, ile fomu ilinikuta nina siku nne kazini. Siku ya tisa nilikuwa nje." Tangu hapo alikuwa ameshapata kibarua kingine na kukipoteza. Hakutudanganya hata kidogo. Sisi ndio tuliouliza swali linaloweza kuona siku moja tu katika safari ya miaka.

Nimekikumbuka kisa hicho kwa sababu siku hizi vyuo na mashirika mengi yamependa kulishughulikia suala la wahitimu na ajira kwa mbinu iitwayo fikra za usanifu. Ni namna ya kutatua matatizo iliyoazimwa kwa wasanifu wa vifaa na huduma, ambao kabla ya kutengeneza kitu huenda kwanza kumtazama mtu atakayekitumia, kisha hujaribu vielelezo vya gharama ndogo na kuvirekebisha kadiri vinavyoharibika mikononi mwa watu. Shule ya usanifu ya Chuo Kikuu cha Stanford imeieneza mbinu hiyo katika hatua tano, nazo ni kujitia katika hali ya mtumiaji, kulifafanua tatizo, kubuni mawazo mengi, kutengeneza kielelezo, na kukijaribu. Baraza la Usanifu la Uingereza nalo, mwaka 2004, lilikuja na mchoro wa almasi mbili zilizopakana, ya kwanza ikiwa ya kulitafuta tatizo lenyewe na ya pili ya kutafuta suluhisho. Maoni yangu ni kwamba katika suala hili la kutoka masomoni kwenda kazini, sehemu kubwa ya thamani ya mbinu hii imo katika almasi ya kwanza, na ndiyo hiyo tunayoiruka.

Tunairuka kwa sababu tunaamini kuwa tatizo tumekwisha kulijua. Maneno kwamba wahitimu hawana ujuzi unaotakiwa na soko yamesemwa mara nyingi kiasi kwamba hakuna tena anayeuliza yametoka wapi. Mwaka 1973 Horst Rittel na Melvin Webber, waliokuwa wakifundisha katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliandika juu ya matatizo ya kijamii waliyoyaona kuwa korofi kwa asili, na mojawapo ya hoja zao ni kwamba katika matatizo ya aina hiyo kulieleza tatizo na kulitatua haviachani, kwa maana ukishachagua maneno ya kulielezea umekwisha kuchagua na dawa yake. Ukisema ujuzi umepungua, utaanzisha mafunzo. Ukisema mwajiri hana namna ya kumpima mtu ambaye hajawahi kuajiriwa, utatafuta njia ya kijana kuonesha kazi ya mikono yake badala ya karatasi. Ukisema kipindi chenyewe cha kutafuta kazi kina gharama ambazo baadhi ya familia haziwezi kuzibeba kwa miezi minane, basi mafunzo yako mapya, tena ya kulipia, yataongeza mzigo uleule. Kijana ni mmoja, lakini dawa ni tatu zinazopishana kabisa, na aliyechagua mojawapo mara nyingi hakujua kuwa amechagua.

Sasa, kumwelewa kijana si kumwita ukumbini na kumuuliza changamoto zake. Ukimuuliza hivyo atakurudishia majibu aliyoyasikia kwetu: sina uzoefu, sijulikani na watu, soko ni gumu. Baada ya kisa cha yule binti tuliwaomba wahitimu kumi na wawili watuoneshe, badala ya kutueleza, jinsi walivyotafuta kazi wiki iliyotangulia. Mmoja wao alifungua tovuti ya maombi kwenye simu yake, nami nikakaa kando yake kimya. Alijaza jina, akapakia cheti. Alipofika kwenye kisanduku cha miaka ya uzoefu, chenye kile kinyota chekundu cha kuonesha kuwa lazima kijazwe, aliandika 0, na fomu ikakataa kuendelea. Akaandika 1. Akaitazama ile 1 kwa muda, akaifuta, akafunga ukurasa na kuniambia kuwa nafasi ile haikuwa yake. Shughuli yote haikuzidi dakika tatu. Mwajiri hatajua kamwe kuwa kijana huyo alifika mlangoni kwake, na sisi chuoni tungemwandika miongoni mwa wale wasiojituma. Kama ningemuuliza tu, angenijibu kuwa soko ni gumu.

Kutokana na vikao hivyo tulitandaza karatasi ndefu, kila mmoja akachora safari yake kuanzia mtihani wa mwisho hadi siku ile, akionesha alichokifanya, aliyekuwa naye, na jinsi moyo wake ulivyopanda au kushuka. Nilitarajia kuona mashimo kwenye usaili. Kumbe hata waliokataliwa waliuchora usaili ukiwa juu, kwa kuwa siku ile, walisema, mtu aliwaita kwa jina na kuwasikiliza. Shimo la kwanza lilikuwa kwenye ukimya unaofuata baada ya kutuma maombi, ule wa wiki tano au sita ambapo hujui kama umekataliwa au umesahauliwa. Shimo la pili sikulitarajia kabisa, maana lilikuwa ndani ya kazi yenyewe, katika wiki zake za mwanzo, wakati mgeni hajui amuulize nani na anaogopa kwamba akiuliza sana ataonekana hajasoma. Mmoja alituambia alikaa siku mbili mbele ya kompyuta isiyofunguka kwa sababu hakupewa nywila, naye aliona haya kuiomba. Chuo kilihesabu kuwa kimemaliza kazi yake siku ya mahafali, na mwajiri alihesabu kuwa mtu ni wake baada ya kipindi cha majaribio. Mashimo yote mawili yalikuwa katikati, mahali pasipo na mwenyewe.

Ni haki kusema kwamba wapo waliokwisha kuyaona haya kwa upande wa takwimu. Shirika la Kazi Duniani, katika tafiti za mpito wa vijana zilizofanyika katika nchi zaidi ya 30 kuanzia mwaka 2012, halikumhesabu kijana kuwa amevuka kwa sababu tu ana kazi siku ile. Aliyehesabiwa ni mwenye kazi ya kudumu, au mwenye kazi ya muda au ya kujiajiri ambayo yeye mwenyewe anaridhika nayo. Mwenye kibarua cha muda asichokiridhia alihesabiwa kuwa bado yuko njiani. Naupenda ufafanuzi huo kwa kuwa sehemu ya hukumu amepewa kijana mwenyewe. Kwa kipimo hicho, "ndiyo" ya yule binti isingetosha kumvusha.

Lakini kutazama nako kuna upofu wake, na hapa ndipo ninapotofautiana na mashabiki wa mbinu hii. Wale kumi na wawili walikuja kwa sababu walikuwa na simu, nauli na muda wa kuja. Makadirio ya shirika hilohilo kwa mwaka 2023 yanaonesha kuwa kijana mmoja kati ya watano hivi duniani hayuko kazini, masomoni wala mafunzoni. Miongoni mwa wasichana ni asilimia 28.1, na miongoni mwa wavulana ni asilimia 13.1. Pengo hilo halitokani na wasichana kutojua kuandika wasifu wa kazi. Wengi wao wanalea watoto na kuuguza wagonjwa nyumbani, na hakuna karatasi ya safari iliyotandazwa chuoni itakayowagusa, kwa kuwa hawakuitwa, na hata wangeitwa wasingeweza kuondoka nyumbani saa nne asubuhi. Mchoro wa waliofika hausemi lolote kuhusu wasiofika, tena una hatari ya kutufanya tudhani kuwa tumewasikia wote.

Kuna na jambo la pili, ambalo wawezeshaji wa warsha hawapendi kulisikia. Mbinu hii ilizaliwa kwa watu waliokuwa na uwezo wa kukibadilisha kile walichokitazama: msanifu akigundua kuwa mpini unaumiza mkono, anatengeneza mpini mwingine. Mshauri wa ajira anayegundua kuwa kinyota chekundu kinawafukuza waombaji hana mamlaka juu ya kile kinyota. Na pale ambapo nafasi ni ishirini na waombaji ni elfu mbili, kurekebisha safari ya mwombaji kunabadilisha majina ya watakaopata, idadi ikabaki ileile. Nimehudhuria warsha za siku mbili zilizojaza ukuta kwa vikaratasi vya rangi, kila kimoja kikiwa na wazo, na mwisho tukapiga picha mbele ya ule ukuta. Mwajiri hakuwepo, wala aliyeshika bajeti. Mbinu hii haikosi faida kwa sababu hiyo, ila kazi ya kwanza baada ya kuona inapaswa kuwa kujua nani ana uwezo wa kukibadilisha kile kilichoonekana, na kumleta yeye akae pale kando ya simu, atazame ile 1 ikifutwa.

Sisi wenyewe tulikuwa na uwezo juu ya kitu kimoja tu, nacho ni saa moja katika ratiba ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho, basi tukaijaribu hiyo. Jaribio la kwanza lilikwenda kombo. Tuliwaalika wahitimu watano waliofanikiwa, wakapanda jukwaani na kipaza sauti, wakaeleza walivyojituma; wanafunzi wakapiga makofi, na tulipoomba maswali hapakuwa na hata mkono mmoja juu. Mara ya pili tuliwaita watu wa namna nyingine: mwenye wiki tatu kazini, mwenye miezi miwili, na wawili waliokuwa bado wanasubiri majibu. Hatukuweka jukwaa. Kila mmoja alikaa benchi moja na wanafunzi wanne, nasi tukatoka nje, isipokuwa mimi niliyebaki mlangoni nikijifanya napanga viti.

Swali la kwanza nililolisikia lilikuwa hili: "Waliponyamaza, ulisubiri siku ngapi ndipo ukawapigia?" Yule mwenye wiki tatu kazini akajibu kuwa alisubiri siku kumi na nne, akapiga akitetemeka, akaambiwa kuwa maombi yake hayakuwahi kufika kwa sababu alikosea herufi moja kwenye anwani ya barua pepe. Mwanafunzi mmoja akachomoa simu yake na kuanza kusoma anwani alizokwisha kuandika, herufi moja moja, huku wenzake wakimwinamia.