Aprikoti kavu na damu iliyopungua

Jirani yangu hapa Kampala alipimwa akaambiwa damu yake imepungua. Jioni akarudi kutoka soko la Nakasero na pakiti ndogo ya aprikoti kavu za Uturuki, tunda dogo la rangi ya chungwa lenye kokwa, akiamini amepata dawa. Je, pesa ile imefanya kazi yake?

Wanaozisifu aprikoti hawasemi uongo. Gramu 100 za zile kavu zina chuma, madini ambayo mwili hutengenezea damu, miligramu 2.7 hivi, nyuzinyuzi gramu 7, na potasiamu zaidi ya miligramu 1,100, ambayo husaidia kushusha shinikizo la damu. Rangi yake inatokana na betakarotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Mwenye choo kigumu akiloweka chache usiku, asubuhi anapata nafuu.

Ila zikikaushwa, vitamini C karibu yote hupotea, na zaidi ya nusu ya uzito unaobaki ni sukari. Mwenye kisukari asizitafune kama karanga. Mgonjwa wa figo naye potasiamu hiyo hiyo inaweza kumdhuru. Zile za jirani zilikuwa na rangi ya chungwa inayong'aa: hizo hutiwa kemikali ya salfa dioksaidi zisibadilike rangi, na baadhi ya wenye pumu hubanwa kifua nayo. Zisizotiwa huwa za kahawia, na wengi huzipita wakidhani zimeharibika.

Sasa chuma chenyewe. Kile cha mimea mwili hukipokea kwa shida kisiposindikizwa na vitamini C, ambayo pakiti ile karibu haina. Maharage yaliyopikwa yanakaribia chuma hicho hicho kwa bei ya chini sana. Ukiongeza kipande cha papai kwa ajili ya vitamini C, umemaliza. Kwa vitamini A, viazi lishe vyetu vinaziacha aprikoti mbali. Mti wake unataka msimu wa baridi kali, kwa hiyo tutaendelea kulipia safari ya matunda yake kutoka nje.

Kuna jambo moja nisilolipima pande mbili: kiini cha kokwa ya aprikoti, kinachotangazwa mitandaoni kuwa kinatibu saratani. Hakitibu. Kina amigdalini, inayotoa sumu ya sianidi mwilini. Mwaka 2016 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilionya kwamba mtu mzima akila zaidi ya viini vitatu vidogo kwa mara moja anavuka kiwango salama. Kwa mtoto mdogo hata kimoja ni hatari.

Jirani nilimwambia amalize pakiti yake taratibu, tatu nne kwa siku, pamoja na papai. Vidonge vya chuma alivyoandikiwa asiviache.