Dola 180 za jangwani: wazee wa karavani wanamnyonya nani?

Katika ubishi kuhusu wastaafu wa Marekani na Kanada wanaokimbilia kusini kila majira ya baridi na kuishi ndani ya karavani, yaani nyumba za magurudumu, kuna namba moja inayotangulia hoja zote: dola 180. Hiyo ndiyo ada ambayo kwa miaka mingi idara ya serikali kuu ya Marekani inayosimamia ardhi ya umma, BLM, imekuwa ikitoza kibali cha msimu mzima katika maeneo yake ya kukaa muda mrefu jangwani. Msimu huanza 15 Septemba na kuisha 15 Aprili. Gawanya kwa siku 212, unapata senti 85 kwa siku. Kwa senti hizo unaegesha karavani yako La Posa, nje kidogo ya mji wa Quartzsite, Arizona. Unachota maji, unatupa taka, unamwaga tangi la choo mahali palipotengwa, na unaota jua la Januari wakati jirani uliyemwacha Minnesota anakwangua barafu kwenye kioo cha gari lake.

Wanaopinga wanaiona senti 85 kama tusi. Ardhi ile ni mali ya raia wote, pamoja na fundi bomba wa Ohio ambaye hajawahi kuikanyaga Arizona. Iweje mwenye gari la dola laki tatu, lenye mashine ya kufulia na mahali pa kuotea moto, alale miezi saba kwa fedha ambayo kwenye kambi za kawaida za kulipia kwa usiku ingeisha ndani ya wiki moja au mbili? Wanaongeza na habari ya kodi. Wengi wanaoishi barabarani mwaka mzima huandikisha makazi yao South Dakota, jimbo lisilotoza kodi ya mapato, ambako kulala usiku mmoja na kuonyesha risiti kumetosha kupata leseni ya udereva. Barua zao zinapokelewa na kampuni ya huko, ilhali ambulansi wanaiita Arizona. Mwaka 2023 South Dakota yenyewe ilibana: anayetaka kujiandikisha kupiga kura alitakiwa awe ameishi jimboni siku 30.

Si hoja za kubeza, na moja wapo nitairudia kwa sababu ina uzito kuliko wenyewe wanaoitoa wanavyodhani. Ila zote zinaanza na picha ya mtu mmoja tu: tajiri mbahili. Pita katika njia za changarawe za La Posa uone kilichoegeshwa pale. Mabasi makubwa yenye kung'aa yapo. Yapo pia matrela ya miaka ya 1980 yaliyozibwa paa kwa lami, magari ya mizigo yaliyogeuzwa chumba cha kulala kwa mbao na godoro, na mabasi ya shule yaliyopakwa rangi upya. Wastani wa pensheni ya serikali kuu, Social Security, kwa mfanyakazi mstaafu mwaka 2025 ulikuwa karibu dola 2,000 kwa mwezi, na wastani maana yake wapo wengi walio chini yake: wajane, waliofanya vibarua, waliokaa nyumbani miaka mingi wakiuguza mzazi. Toa kodi ya chumba kwenye mji wowote mkubwa wa Marekani, toa dawa, uone kinachobaki kwa chakula. Kwa hao, dola 180 si bei ya likizo. Ndiyo kodi ya nyumba ya miezi saba.

Tena inalipiwa kwa risiti, kihalali. Hili la uhalali ndilo wasemaji wengi hulipita haraka. Kwenye miji mingi ya Marekani kulala ndani ya gari lako mwenyewe ni kosa. Usiku wa manane unagongewa dirisha na kuambiwa uondoke. Tarehe 28 Juni 2024, katika kesi ya mji wa Grants Pass wa Oregon, Mahakama ya Juu iliamua kwamba miji ina haki ya kuwaadhibu wanaolala nje kwenye maeneo ya umma, hata kama hakuna kitanda cha kuwapa. Mzee wa miaka 70 mwenye gari na pensheni ndogo ana mahali pachache mno pa kuegesha na kulala bila kuogopa tochi ya polisi. La Posa ni mojawapo. Kibali kinabandikwa kwenye kioo, na mwenye gari analala.

Maeneo haya hayakutengwa kwa huruma. BLM iliyaanzisha mwaka 1983 kwa sababu watu walikuwa wakija vilevile, wakiegesha popote. Jangwa la Sonora linaonekana gumu, lakini ngozi yake ni nyembamba. Juu ya udongo kuna vijiwe vilivyojipanga na kushikana kwa karne nyingi, na tairi likishavipasua havirudi. Katika vita kuu ya pili, kuanzia 1942, jeshi la Marekani lilifanyia mazoezi ya vifaru katika majangwa haya, chini ya Jenerali Patton hapo mwanzo. Alama za minyororo ya vifaru vile bado zinaonekana leo, zaidi ya miaka 80 baadaye. Mwenye kujali ardhi ya umma afadhali awe na maelfu ya karavani zilizokusanywa sehemu moja iliyokwisha kukanyagwa, yenye choo, bomba na pipa la taka, kuliko maelfu hayo hayo yaliyotawanyika kila bonde.

Hapo ndipo napenda kuing'ang'ania ile 180 kuliko wanavyoing'ang'ania wanaoilalamikia. Wanailinganisha na bei ya kambi binafsi za Yuma au Mesa, miji mingine ya Arizona, zenye umeme, maji hadi mlangoni na hata bwawa la kuogelea. Ulinganisho huo hauna mashiko. La Posa hakuna umeme wala bomba la kuunganisha. Mkazi ananunua mwenyewe sola na betri, anajaza mtungi wa gesi, anapanga foleni kwa gari kwenda kumwaga tangi, na maji anayoogea anayahesabu kwa lita. Kibali kinampa ardhi tupu na huduma chache za pamoja. Ada yenyewe haipotelei Washington: sheria ya 2004 kuhusu ada za burudani kwenye ardhi ya serikali kuu inataka angalau asilimia 80 ya makusanyo ibaki pale yalipokusanywa.

Cha kulinganisha nacho ni sifuri. Sehemu kubwa ya ardhi ya BLM inayoizunguka Quartzsite ni bure. Unaruhusiwa kukaa siku 14 bila kulipa senti, kisha unahama. Hakuna choo, hakuna maji, hakuna pa kumwaga kitu. Hebu pandisha ada ya La Posa iwe dola 1,000. Mwenye basi la kifahari atalipa, au ataenda kwenye kambi yenye bwawa. Mwenye trela la paa la lami hatarudi Michigan kwenye baridi. Atahamia kule kwa bure, kila baada ya wiki mbili atawasha injini na kusogea, na tangi lake la choo litakapojaa usiku atafanya uamuzi ambao hakuna mlinzi atakayeuona. Senti 85 kwa siku inanunua utii. Ni bei ndogo inayotosha kumfanya mtu aache ardhi ya bure na kukubali kanuni. Sijaona hesabu ya wapinzani inayoliingiza hilo.

Upande wa mji, sensa ya 2020 iliikuta Quartzsite na watu 2,413. Kiangazi joto hupita nyuzi 40 na milango mingi hufungwa. Ikifika Januari barabara kuu inajaa: maonyesho ya karavani chini ya hema kubwa, minada ya mawe na vito iliyoanza miaka ya 1960, mafundi wa jokofu za gesi, wauza sola, wauza visu, wauza soksi. Msomaji wa Lamu au Unguja hahitaji kufundishwa uchumi wa namna hii. Majahazi yalishuka na kaskazi yakangoja kusi, na katika miezi ile ya kungoja mji ulikula. Wageni wa Quartzsite nao hukaa, na mgeni anayekaa ananunua tairi, miwani, na kinyozi wake ni yule yule kila mwezi. Katikati ya makaburi ya mji huo amelala Haji Ali, mtunza ngamia aliyeletwa 1856 jeshi la Marekani lilipojaribu kutumia ngamia jangwani. Wamarekani walishindwa kulitamka jina lake wakamwita Hi Jolly. Alifariki 1902. Juu ya kaburi wamejenga piramidi ya mawe na sanamu ya ngamia kileleni, na wazee wa karavani hupigia picha hapo.

Bila shaka mji unaokula miezi mitano una matatizo yake. Mhudumu wa mgahawa akifungiwa kazi Aprili hana pa kwenda, na anayemiliki kiwanja hujenga kwa ajili ya mgeni wa msimu kabla ya kumjengea mwalimu wa shule. Hili lipo kila pwani ya watalii.

Hoja niliyosema nitairudia ni ya afya, ile ya ambulansi, na hapa nawapa wapinzani haki yao. Kaunti ya La Paz, ambamo Quartzsite imo, ilikuwa na wakazi 16,557 katika sensa ile ile. Hospitali yake iko Parker, zaidi ya kilomita 50 kaskazini mwa Quartzsite. Huduma zilizopimwa kwa wakazi hao zinapaswa, kila majira ya baridi, kubeba umati mkubwa kuliko mji, umati wa watu ambao umri wao peke yake unaita mshtuko wa moyo na nyonga zilizovunjika. Medicare, bima ya serikali kwa waliofikisha miaka 65, katika mfumo wake wa asili hutumika kwa daktari yeyote nchini anayeipokea. Lakini wengi wamechagua mipango ya kampuni binafsi yenye orodha ya madaktari wa eneo la nyumbani. Nje ya hapo, mpaka iwe dharura, mgonjwa hujilipia au hungoja. Basi anangoja, ugonjwa unakomaa, na mwisho unaishia kwenye ambulansi ya La Paz. Dola 180 haigusi gharama hiyo. Wala wazee wenyewe kwa wenyewe hawajaimaliza. Escapees, chama cha watu wa karavani kilichoanzishwa 1978, kina kituo huko Livingston, Texas, ambako wanachama wazee au wagonjwa wanaishi ndani ya karavani zao huku wakihudumiwa chakula na matunzo ya mchana. Ni wazo zuri kuliko mengi yaliyotoka serikalini, ila Livingston iko mbali sana na Quartzsite.

Wakanada wana hesabu yao nyingine. Ontario inamruhusu mwenye bima ya afya ya jimbo kuwa nje hadi siku 212 katika miezi 12, ambazo kwa bahati tu ni sawasawa na msimu wa La Posa, lakini Marekani kwa kawaida humpa mgeni Mkanada miezi sita. Tangu Aprili 2025 anayekaa siku 30 au zaidi anatakiwa awe ameandikishwa na serikali ya Marekani. Wenye kudai kwamba wazee hawa wanaishi nje ya kila utaratibu wangejaribu kujaza fomu hizo wakiwa na miaka 74.

Kuna lawama nyingine ambayo huisikii kwa Wamarekani, unaisikia kwetu: kwamba Mzungu amezeeka, watoto wamemtupa, sasa anakufa peke yake jangwani ndani ya gari. Wapo waliotupwa, sikatai. Lakini anayesema hivyo angetazama pia Waafrika Mashariki waliozeekea Minneapolis au Toronto, ambao theluji ikianza wanakata tiketi ya Mombasa au Dar es Salaam na kurudi kwa wajukuu Aprili. Hatuwaiti waliotupwa, tunasema wamekuja nyumbani kupumzika. Magoti yanayouma kwa baridi ni yale yale. Tofauti ni kwamba mzee wa Montana hana Mombasa, na huko La Posa huishia kuegesha kila mwaka karibu na watu wale wale, wakaazimana jenereta na kupelekana hospitali.

Kwa hiyo sipingi ada kupanda. Kutoka 180 hadi 300, hata kidogo zaidi, trela la paa la lami litabaki La Posa, kwa sababu maji na choo vina thamani hiyo hata kwa maskini. Ninachopinga ni kupandisha kwa kulinganisha na kambi binafsi, na kupandisha sawa kwa wote. Kama serikali inaona aibu kumtoza senti 85 mwenye basi la dola laki tatu, imtoze kwa urefu wa gari, jambo ambalo vivuko na kambi nyingi hulifanya bila kelele, na inayozidi iende kwenye ambulansi za kaunti ya La Paz. Hilo la mwisho linahitaji sheria kubadilishwa, kwa kuwa makusanyo ya BLM si fedha ya kaunti, na huko Congress, bunge la Marekani, ndiko wanaolalamikia wazee hawa wangepeleka nguvu zao.