Betri ya Kurudia Nyumbani

Tulilala Msimbati, upande wa Ruvula, boti imetia nanga kwenye maji ya kifuani, mke wangu na watoto wamejenga hema ufukweni. Zilikuwa siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida. Asubuhi maji yameshaanza kupwa, nikapanda botini niisogeze kwenye kina kabla haijakalia mwamba. Nikageuza ufunguo. Stata ikalia ta-ta-ta, ikanyamaza.

Mzee mmoja mvuvi alikuwa anapita na mtumbwi wake wa mashine ndogo, akapunguza mwendo.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Mashine imegoma?"

"Betri zimeisha, babu."

"Zote mbili?"

Alikuwa ameziona zimekaa kwenye shetri, nyuma ya boti, mbili kubwa, zote za saizi ya N70. Akatufunga kamba, akatuvuta hadi penye kina, baadaye tukaazima betri ya gari kijijini ili tuweze kuondoka. Alifanya yote hayo bila kutaka malipo wala kutusimanga. Lakini lile swali lake, "Zote mbili?", nimekaa nalo hadi leo, maana ndilo lililonifundisha kwamba sikuelewa kwa nini nilinunua betri ya pili.

Wengi tuliopata viboti vya matembezi huku Mtwara na Lindi tunadhani betri ya pili ni ya kuongeza umeme. Tunaiunga sambamba na ile ya kwanza, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, na fundi anatuhakikishia kwamba sasa tuna ampea-saa 140, yaani kipimo cha umeme unaohifadhiwa: ampea moja kwa saa moja ni ampea-saa moja. Ni kweli, unazo. Lakini umezitia kwenye mtungi mmoja. Kifriji kikinywa, kinanywea hapo hapo stata inapotakiwa kunywea, na mtungi ukikauka umekauka wote. Ukiwa na betri mbili zilizofungwa pamoja muda wote, una betri moja nzito. Na mimi yangu moja ilikuwa mpya, nyingine ya miaka mitatu, ile kuukuu ikawa inaivuta mpya chini usiku kucha.

Msimamo wangu sasa ni huu: betri moja ni ya kurudia nyumbani. Kazi yake ni kuwasha mashine tu. Taa, muziki, kifriji, chaja ya simu, kipima kina, hakuna hata kimoja kinachoigusa. Betri ya pili ndiyo ya matumizi, nayo ikiisha usiku wa manane, mtakaa gizani na soda zitapata moto, lakini asubuhi mtaondoka. Watu wa mashine za nguvu farasi 15 au 40 za kuvuta kwa kamba wanaweza kuniona nakuza mambo. Mwenye 60 ya fostroki inayowaka kwa stata ajaribu kuivuta kwa kamba ya dharura, boti inayumba na mwamba uko chini yake, ndipo tuzungumze.

Kwa hiyo hata kuchagua betri si suala la kununua mbili zinazofanana. Ya stata inataka nguvu nyingi kwa sekunde chache, ndiyo maana sahani zake ndani ni nyembamba na nyingi. Betri ya gari iliyo nzuri, N50 au N70 kwa kadiri kitabu cha mashine yako kinavyosema, inatosha. Lakini ukiitumia hiyo kuendeshea kifriji usiku kucha, zile sahani nyembamba zinachakaa haraka. Ya matumizi iwe ile inayouzwa madukani kama betri ya sola, yenye sahani nene, inayovumilia kutumika taratibu kwa saa nyingi. Na hata hiyo usiishushe chini ya nusu. Ampea-saa 100 zilizoandikwa ubavuni, zako ni 50. Kama unaweza kumudu, chukua betri kavu, ile iliyozibwa isiyoongezwa maji, kwa sababu boti inapiga mawimbi na betri ya maji ikiinama inamwaga asidi kwenye ngama, kule chini kabisa ya boti maji yanakokusanyika. Ukibaki na ya maji si vibaya, ila ikae kwenye boksi lenye kupitisha hewa, maana inapochajiwa inatoa gesi inayolipuka, na uipime maji yake kila mwezi. Joto letu linayakausha upesi.

Jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko aina ya betri ni chaji. Hapa ndipo pesa zetu wengi zinapopotelea, na madukani hakuna anayekuambia, kwa sababu betri ikifa anauza nyingine.

Niliporudi kutoka Msimbati niliketi na karatasi. Kifriji kinakula ampea 4 kikiwa kinazunguka, na kinazunguka karibu nusu ya muda, basi kwa saa 12 ni ampea-saa 24. Taa ampea 1 kwa saa sita, ni 6. Muziki ampea 1 na nusu kwa saa sita, ni 9. Jumla karibu 40. Betri zangu zilikuwa za ampea-saa 140. Kwa hesabu ya karatasini zilipaswa kubaki na chaji tele. Kwa nini zilikufa?

Kwa sababu hazikuwa zimejaa. Mashine yangu kitabuni imeandikwa ampea 15, lakini hizo unazipata inapozunguka kwa kasi. Ukitembea polepole kutazama pwani unapata chache mno. Kutoka Mikindani hadi Msimbati tunakimbia kama saa moja na nusu. Ondoa ampea 3 zinazoliwa na vifaa njiani, zinabaki 12, ambazo kwa saa moja na nusu ni ampea-saa 18. Kwenda na kurudi, 36. Lakini betri ya asidi haikurudishii kila unachoitia. Sehemu inapotea kwa joto na gesi, ukibaki na 30 hivi ushukuru. Natoa 40, narudisha 30. Kila wikendi ya kulala nje nilikuwa nabaki na deni la ampea-saa 10, na deni hilo nililimbikiza msimu mzima nikijiambia kwamba mashine inachaji.

Tena betri ya asidi ikikaa wiki nzima bila kujaa, chumvi ya risasi inaganda juu ya sahani zake, inakuwa ngumu, na sehemu hiyo haipokei chaji tena. Ile ya miaka mitatu haikuwa imezeeka. Ilikuwa imekufa kwa njaa.

Dawa yake imekuwa sola. Paneli moja ya wati 100 juu ya kipaa cha boti. Saa sita mchana inatoa ampea 5 au zaidi kidogo, na kwa siku ya jua zuri napata ampea-saa 20 hadi 25. Si nyingi, lakini boti inakaa Mikindani siku tano au sita bila mtu, na jua linafanya kazi siku zote hizo. Deni linalipwa Jumatatu, na siku zinazobaki betri inamaliziwa ile asilimia 20 ya mwisho, ambayo huwa inaingia polepole kwa saa nyingi na mashine ya boti haiwezi kuimaliza kamwe katika safari ya saa moja. Huku tuko nyuzi 10 hivi kusini ya ikweta, hakuna haja ya kuinamisha paneli; ilaze tu, na uipanguse kwa maji baridi, yasiyo ya chumvi, kwa sababu chumvi inaifanya ione ukungu.

Usiiunge moja kwa moja. Pitisha kwenye kontrola, kifaa kinachodhibiti chaji ya sola, tena ile inayopima joto. Betri nyingi za asidi zinataka volti 14.4 wakati wa kuchaji kama joto ni nyuzi 25. Ndani ya boksi la boti Februari, nyuzi 35 ni kawaida, na hapo 14.1 inatosha. Ukiendelea kuipiga 14.4 unaichemsha.

Kuhusu kuzitenganisha, kuna swichi ya kuzungusha yenye 1, 2, zote na zima. Niliitumia mwaka mmoja, na kila mara mtu aliisahau kwenye "zote", tukarudi kule kule kwenye mtungi mmoja. Mbaya zaidi, ukiipeleka kwenye "zima" mashine ikiwa inazunguka unaweza kuunguza kirekebisha chaji cha mashine. Sasa nina rilei, swichi inayojiendesha yenyewe kwa kusikiliza volti. Betri ya stata ikishashiba na kufika karibu volti 13.3, inafungua njia, chaji inakwenda kwa ya matumizi. Volti zikishuka hadi 12.8 inakata yenyewe. Hakuna wa kusahau. Swichi nimeiacha kwa dharura tu.

Pampu ya ngama peke yake ina waya wake hadi kwenye betri ya matumizi, bila kupita swichi yoyote, na fyuzi yake. Fyuzi zote zikae karibu na betri, ndani ya sentimita 18 hivi, kwa sababu waya ulio kati ya betri na fyuzi hauna ulinzi. Na tafuta waya wa shaba uliopakwa bati. Waya wa nyumbani baharini unakuwa kijani ndani ya ganda lake huku nje unang'aa, na unahangaika kulaumu betri isiyo na kosa.

Vijana wananiuliza kuhusu lithiamu. Ni nzuri: ya ampea-saa 100 ina kilo 12 hivi wakati ya asidi inakaribia 30, na unaweza kuitumia karibu yote. Lakini haiungwi tu na rilei kama yangu. Inataka chaja yake kati ya mashine na yenyewe, maana inavuta chaji kwa nguvu, na mlinzi wake wa ndani akikata ghafla mashine inaweza kuumia. Kwa anayelala majini siku tatu nne, akienda Kilwa Kisiwani au Songo Songo, ninamuelewa. Kwa safari ya Jumamosi na Jumapili, sioni sababu. Heri hizo pesa zinunue paneli na waya.

Kusi ikishika, Juni na Julai, naipandisha boti juu na kuzibeba betri nyumbani. Zinakaa kwenye ubao kivulini, nazipa chaja mara moja kwa mwezi, na kuzipima zikiwa zimepumzika usiku mzima: 12.7 imejaa, 12.2 iko nusu, 12.0 tayari unaiumiza. Leo asubuhi ya matumizi ilisoma 12.7, ya stata 12.6. Hiyo ya stata nitaipima tena Jumamosi.