Wauza Mitumba Wenzangu wa Marekani

Mimi nauza suruali za mtumba hapa Dar es Salaam, na mpaka leo sijajua bosi wangu hasa ni nani. Mjumbe wa mtaa namjua. Mgambo ndiyo usiseme, buti lake nalitambua kwa mlio. Lakini mwenye kauli ya mwisho juu ya belo langu sijawahi kumtia machoni.

Mnakumbuka Machi 2016? Marais wa Afrika Mashariki walikaa Arusha wakakubaliana mitumba iondolewe kidogokidogo, ikifika 2019 iwe basi, viwanda vyetu vipumue. Nikakosa usingizi. Marais wazima, na misafara na ving'ora vyao, wamekata shauri! Nikaanza kumuuliza shemeji bei ya vifaranga.

Basi bwana, 2017 likaibuka jambo. Kumbe Marekani nako wauza mitumba wana chama! Wakapeleka malalamiko serikalini kwao: Waafrika wakikataa nguo zetu, ajira 40,000 zinakwenda na maji. Ajira za kupanga fulana walizozichoka! Serikali yao ikatuambia, haya, na sisi tutaitazama upya AGOA, ule mpango wa kuuza bidhaa kwao bila ushuru. Kenya ikajitoa mapema, Tanzania na Uganda zikalegeza baadaye. Rwanda ndiyo ilikaza. Ushuru wa mitumba ilikuwa imeshaupandisha kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo. Julai 2018 Trump akausimamisha msamaha wa ushuru wa AGOA kwa nguo za Rwanda.

Yaani kikao cha marais kimezimwa na watu wa suruali kuukuu! Sisi sokoni tuna chama pia, tena kina katibu na mhuri. Tumeomba choo tu. Kimya.

Nilifurahi, sikatai, vifaranga nikaachana navyo. Ila inauma. Nimesimama juani nikamchagua diwani, mbunge na rais, halafu anayeamua mkate wangu ni chama ambacho hata kura yake sijui inapigwa wapi.

Na sasa wateja wananifuata na simu. "Anko, ona, mpya kabisa, inatoka China, bei hiihii yako." Nikalalamike wapi? Mama watoto kasema niwaandikie walewale wa Marekani, maana ndio wanaosikilizwa. Nimeshaanza: "Ndugu wauza mitumba wenzangu, poleni na majukumu. Shida yetu ni Mchina. Ila mkishamaliza naye, tunaomba mtuulizie na habari ya choo."