Mzee mweusi akiumia kichwa Marekani

Ndugu zangu mlioko nyumbani Tanzania, mkisikia mzee wa huku ana Medicare msidhani shida zake zimekwisha. Bima hiyo ya afya ya serikali ilianzishwa 1965, na karibu kila aliyefikisha miaka 65 anayo, mweupe kwa mweusi. Nahudumia wazee hapa Ohio, na naona kadi ni ile ile ila huduma si ile ile.

Kwetu tumezoea majeraha ya kichwa ya bodaboda. Huku wazee wengi huumia ubongo kwa kuanguka tu, bafuni au kwenye ngazi, na wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, hata pigo dogo laweza kuwavujisha damu ndani ya fuvu. Hospitali ikimaliza kazi yake, linabaki swali la aende wapi. Kuna hospitali za utengamao, ambako kwa kawaida hufanyishwa mazoezi saa tatu kwa siku, siku tano kwa wiki: kutembea, kuongea, kumeza, kuvaa mwenyewe. Kuna nyumba za uuguzi, ambako mazoezi ni haba. Na kuna kurudishwa nyumbani kwake. Tafiti za huku zimeonyesha, si mara moja, kwamba weusi na Walatino (wenye asili ya Amerika ya Kilatini) walioumia ubongo hawapelekwi kwenye utengamao kwa kiwango cha weupe.

Kinachoniuma ni sababu ninayoisikia kazini: eti familia zao hupenda kutunza wazee wao wenyewe. Ndiyo, wanapenda! Lakini binti anayefanya kazi mbili atamfundisha mama yake kumeza saa ngapi, na nani alimfundisha yeye?

Tanzania mzee hakosi wa kumgeuza kitandani na kumnywesha uji, na hilo nalionea fahari. Ila akianza kusahau au kuwa mkali baada ya kuanguka, tunasema ni uzee, basi. Wataalamu wa mazoezi ya viungo wengi wako mijini. Mzee wa kijijini ana wajukuu tu. Mapenzi tunayo, tiba hatuna. Huku tiba ipo, na mapenzi ya watu weusi yanafanywa kisingizio cha kuwanyima.

Kwa hiyo mlio huku na wazazi: mzee mwenye Medicare akilazwa, ulizeni mapema kwa nini hapelekwi utengamao, tena mjibiwe na daktari. Mkiona anaruhusiwa kabla ya wakati, mna haki ya kukata rufaa kwa wakaguzi walio nje ya hospitali. Namba yao imo kwenye karatasi anayosainishwa mgonjwa. Pigeni kabla hajatoka wodini.