Tangi la Sajenti

Kabale, hapa Uganda, iko juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na baridi yake haina mzaha. Shangazi yake mke wangu alipotuma salamu kutoka Arua kwamba anakuja kukaa nasi mwezi mzima, mke wangu alitamka neno moja tu: hita, ile ya kupashia maji ya kuoga. Huko Arua watu huoga maji ya bomba na kutamani yangekuwa baridi zaidi.

Kazi ya kununua aliichukua shemeji yangu, sajenti mstaafu, bila kuombwa. Jeshi limemtoka mwilini lakini mdomoni bado limo. Hata chumvi mezani huiomba kwa Kiswahili cha gwaride. Fundi bomba alijaribu kumuuliza maswali ya kazi: mnaoga wangapi, presha ya maji ikoje, ukuta wa bafu ni matofali ya kuchoma au ya udongo tu? Shemeji akamkata: "Fundi, wewe subiri mzigo."

Mzigo ukaja na basi la usiku kutoka Kampala, umelipiwa nauli ya mtu mzima. Tangi hilo tulilishusha wanaume wanne, nalo ni tupu. Fundi akalizunguka kimya, kisha akachuchumaa kusoma kibandiko cha ubavuni, kidole kikifuata mstari mmoja mmoja. "Lita 200," akasoma. "Wati 1,500." Akanitazama mimi, si shemeji.

"Kuna nini?" shemeji akauliza.

"Afande, maji yakijaa humu ni kilo 200, bado chuma chenyewe. Ukuta wenu ukilibeba hili, mtaoga hadharani."

Tangi likasimamishwa sebuleni, kando ya televisheni, mabomba yakatobolewa njia kwenda bafuni. Mgeni akiingia, analiamkia kwanza ndipo anatuona sisi.

Shangazi alifika jioni. Akasogeza kiti, akaliegemea tangi kwa mgongo, leso mabegani, akangoja kuota moto. Akangoja sana. "Hiki kitu mmekiwasha kweli?" Tukamweleza kwamba tangi zuri lina sponji nene ndani ya ganda lake, ili joto lisipotee nje.

"Kwa hiyo maji ndiyo yanaota moto," akasema, "na mimi mgeni niyatazame."

Saa mbili usiku shemeji akatangaza kwamba bafu liko tayari. Shangazi akaingia, akafungua bomba. Ukelele uliotoka humo ulimleta jirani na panga, ukamleta na fundi, ambaye anakaa nyumba ya tatu.

Fundi akatoa simu, akapiga hesabu mbele yetu wote, panga la jirani likiwa mezani. Tuseme maji ya hapa yana digrii 15, mnayataka yafike 60. Lita 200 zitakula uniti kama 10 na nusu. Kwa koili ya wati 1,500, huo ni muda wa saa saba. "Mmewasha saa kumi na moja jioni? Shangazi ataoga saa sita usiku."

Nimtetee shemeji kidogo. Dukani lita ndizo zinazoonekana kwa macho; koili imejificha ndani na wati zake zimeandikwa kwa herufi za sisimizi. Wala zile shawa za umeme zinazochemsha papo hapo zisingetuokoa: zinavuta wati 5,000 na kitu, waya wetu ni mwembamba, na simtangi letu la nje limepita bomba la kuogea kwa kimo cha mtoto tu. Maji yakishuka kinyonge namna hiyo, swichi ya ndani haishtuki.

Tukiwa bado kwenye hesabu, valvu ya pembeni ikaanza kudondosha maji. Shemeji, mtu wa vitendo, akachonga kijiti na kutafuta kipande cha mpira wa baiskeli. Fundi akaruka juu ya meza ndogo: "Usizibe! Maji yakipata moto yanapanuka, hapo ndipo yanapopumulia! Ziba uone litakavyotokea kwenye paa!" Jirani alichukua panga lake akaenda zake nyumbani.

Kabla ya saa sita Yaka, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla, ikaanza kulia. Maji yalikuwa vuguvugu, uniti zikaisha, giza likaingia. Tukapapasa hadi uani, tukamkuta Shangazi karibu na sigiri, sufuria imekwishatua, ameoga kwa beseni na kujipaka mafuta. "Mkitaka," akasema, "mkaa bado una moto."

Fundi alitufungia tangi la lita 50, likachemka chini ya saa mbili. Lile kubwa lilinunuliwa na mwenye nyumba ya wageni kule Bunyonyi. Alipouliza kama lina kasoro, shemeji akasimama wima kama yuko mbele ya kamanda.

"Tangi halina kasoro, mzee. Sisi ndio tulikuwa wachache."